Mpaka wa Hifadhi na Msitu wa Kijiji: Ufafanuzi wa Uhusiano kati ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe na Ardhi ya Vijiji Mkoani Kigoma

Ikisiri

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo kati ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe na ardhi ya vijiji inayopakana nayo, mkoani Kigoma. Hoja kuu ni kwamba udogo wa Gombe unaufanya mpaka wake wa kisheria ushindwe kuwalinda sokwe peke yake. Usalama wa sokwe hao umefungamana na maamuzi ambayo wanavijiji huyafanya kuhusu mashamba, kuni na misitu yao. Ili kuithibitisha hoja hiyo, makala yanaeleza mazingira ya Gombe, historia ya kuhifadhiwa kwake, sababu za kibayolojia zinazoufanya udogo wa eneo kuwa tishio, mabadiliko yaliyotokea nje ya mpaka, na jitihada za kuirejesha misitu ya vijiji tangu mwaka 1994. Makala yanahitimisha kwa kuonyesha kwamba suala la nani anabeba gharama ya uhifadhi ni sehemu ya suala la uhifadhi lenyewe.

1.0 Utangulizi

Msafiri anayetoka Ujiji kwenda Gombe hupitia mjini Kigoma, kisha hupanda boti kuelekea kaskazini kwa takriban kilomita 16, kwa kuwa hakuna barabara ya gari inayofika huko. Upande wake wa kulia vilima vya mwambao humfuata njia nzima. Vingi kati ya vilima hivyo vina mashamba ya mihogo, michikichi iliyosimama mmojammoja na miteremko isiyo na miti. Anapoukaribia mpaka wa hifadhi, msitu huanza ghafla. Tofauti hiyo ya rangi ya ardhi imetajwa na watafiti wengi kama ushahidi kwamba uhifadhi umefanikiwa. Hata hivyo, ikitazamwa kwa makini, ni ushahidi wa jambo la pili pia: kwamba sokwe wa Gombe wamebaki kama watu waliozingirwa kisiwani, ziwa likiwa magharibi na ardhi iliyolimwa pande nyingine.

Maandishi kuhusu Gombe ni mengi mno, lakini sehemu kubwa yake inahusu tabia za sokwe. Ardhi iliyo nje ya mpaka, pamoja na watu wanaoimiliki, imejadiliwa kwa kiasi kidogo zaidi, na katika Kiswahili kwa kiasi kidogo mno. Makala haya yanalenga kuziba sehemu ya pengo hilo kwa kuutazama mpaka wenyewe: unalinda nini, unashindwa wapi, na kinachokosekana kinaweza kupatikana kwa nani.

2.0 Dhana za Hifadhi na Mpaka

Neno hifadhi lina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili limebeba maana mbili zinazokaribiana. Maana ya kwanza ni kukiweka kitu mahali salama kisiharibike. Maana ya pili ni kukiweka kitu moyoni, kama mwanafunzi wa chuo anavyohifadhi sura za Kurani. Katika maana ya kwanza, mlinzi anaweza kuwa mtu wa nje mwenye ufunguo. Katika maana ya pili, anayehifadhi ni yule anayekibeba kitu chenyewe kila siku. Sera za uhifadhi wa wanyamapori zilizoanzishwa wakati wa ukoloni ziliegemea maana ya kwanza. Eneo lilitengwa, watu wakatolewa, na askari wakawekwa kulilinda.

Neno mpaka nalo linatumika kwa namna mbili. Ni alama inayotenga milki mbili, na pia ni kiunganishi kinachoonyesha kikomo cha safari au cha wakati. Kisheria, mpaka wa Gombe ni mstari unaotenganisha eneo linalosimamiwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, na ardhi inayosimamiwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Upande mmoja, kulima, kukata miti na kuishi ni makosa. Upande wa pili, hizo ndizo shughuli za maisha ya kila siku. Kwa sokwe mstari huo haupo. Kwake kikomo cha safari ni pale miti inapokwisha.

3.0 Mazingira ya Gombe

Gombe ni miongoni mwa hifadhi ndogo kabisa za taifa nchini Tanzania. Ni ukanda mwembamba uliobanwa kati ya Ziwa Tanganyika na ukingo wa Bonde la Ufa. Ziwa hilo lina kina cha takriban mita 1,470, na ni la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal nchini Urusi. Kutoka ufukweni, ulio takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, ardhi hupanda kwa kasi hadi kufikia takriban mita 1,500 kwenye ukingo wa mashariki. Vijito vinavyoshuka kutoka ukingo huo vimechonga mabonde yenye kina, yakiwamo Mitumba, Kasekela, Kakombe na Kahama.

Kupanda huko kwa ghafla ndiko kunakoleta wingi wa makazi ya viumbe katika eneo dogo. Chini ya mabonde, kandokando ya vijito, kuna msitu wa kijani kibichi wenye mitambaazi mingi. Kwenye miteremko kuna miombo, ambayo hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Juu kabisa, mgongoni mwa vilima, kuna nyasi. Sokwe huitumia mikanda yote hiyo kwa kufuata msimu wa matunda, na kila jioni hujitengenezea kitanda kipya cha matawi juu ya mti. Pamoja nao wanaishi nyani, mbega wekundu, aina kadhaa za kima, pongo na nguruwe mwitu.

Mti mmoja unastahili kutajwa peke yake, nao ni mchikichi. Kwa wakazi wa Kigoma na Ujiji, mchikichi ni mafuta ya mawese, sabuni na fedha za ada ya shule. Kwa sokwe wa Gombe, tunda lake ni miongoni mwa vyakula vinavyoliwa sana. Sokwe wa Mahale, walio kusini zaidi kwenye mwambao uleule, hawana desturi ya kulila ingawa michikichi inapatikana huko. Kwa hiyo, huko Gombe binadamu na sokwe wanategemea chakula kimoja kilicho pande zote mbili za mpaka, na hilo ni chanzo kimojawapo cha migogoro mashambani.

4.0 Historia ya Kuhifadhiwa kwa Gombe

Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilitangaza Gombe kuwa pori la akiba mwaka 1943. Julai 1960, Jane Goodall, kijana wa Kiingereza aliyetumwa na mwanaakiolojia Louis Leakey, alifika hapo kuchunguza sokwe. Mwaka huohuo aliona sokwe dume aliyempa jina la David Greybeard akitumia bua la nyasi kuvua mchwa kwenye kichuguu, na baadaye akawaona sokwe wakikwanyua majani ya kijiti ili kukitengeneza kifae kwa kazi hiyo. Uchunguzi huo uliutikisa msimamo wa wanasayansi wa wakati ule kwamba kutengeneza zana ni sifa ya binadamu peke yake. Kituo cha utafiti kilianzishwa mwaka 1965, na mwaka 1968 eneo hilo likapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa.

Tukio la mwaka 1975 lilibadili sura ya utafiti huo. Mwezi Mei, waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire waliwateka wanafunzi wanne wa kigeni. Wanafunzi hao waliachiwa baadaye, lakini watafiti wa kigeni hawakuweza tena kukaa Gombe kama ilivyokuwa awali. Kazi ya kuwafuata sokwe kila siku, kuandika walichokula, walikolala na waliokuwa nao, iliendelezwa na Watanzania, wengi wao wakiwa wakazi wa vijiji vya mwambao huo. Hilali Matama ni mmoja wa waliojenga msingi wa kazi hiyo. Kumbukumbu ambazo leo zinaifanya Gombe kuwa mahali penye mojawapo ya tafiti ndefu zaidi duniani za wanyama wa porini zimepita mikononi mwa watu hao. Jambo hilo lina uzito katika hoja ya makala haya. Hata wakati sera ziliwachukulia wanavijiji kama tishio kwa hifadhi, utafiti wenyewe ulisimama kwa sababu yao.

5.0 Kwa Nini Udogo wa Eneo ni Tishio

Idadi ya sokwe wa Gombe, iliyokadiriwa kuwa takriban 150 katika miaka ya 1960, imeshuka hadi takriban 100 au chini ya hapo. Wamegawanyika katika jamii tatu: Mitumba kaskazini, Kasekela katikati na Kalande kusini. Kushuka huko kunaelezwa na sababu tatu zinazohusiana.

Sababu ya kwanza ni uzazi. Sokwe jike huanza kuzaa akiwa na umri wa takriban miaka 13, na kwa kawaida hukaa miaka minne hadi sita kabla ya kuzaa tena iwapo mtoto aliyetangulia yu hai. Kwa hiyo kifo cha majike wachache huchukua muda mrefu kufidiwa. Zaidi ya hayo, katika jamii za sokwe madume hubaki walikozaliwa na majike ndio huhama wanapobalehe, jambo linaloepusha ndugu kuzaana. Huko Mahale, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1985 yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,613, karibu majike wote huhama. Huko Gombe, takriban nusu yao hubaki katika jamii walimozaliwa. Tofauti hiyo inahusishwa na uchache wa mahali pa kwenda: jike anayetaka kuhama ana jamii mbili tu za kuchagua.

Sababu ya pili ni magonjwa. Mwaka 1966 ugonjwa wa polio ulioenea miongoni mwa watu wa eneo la Kigoma uliwafikia sokwe pia, ukaua baadhi yao na kuwaacha wengine wakiwa vilema. Magonjwa ya njia ya hewa yamewashambulia mara kadhaa tangu wakati huo. Aidha, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulithibitisha kwamba virusi vya sokwe vinavyofanana na VVU huwasababishia maradhi na vifo, na utafiti uliofuata mwaka 2010 ulivihusisha na kupungua kwa jamii ya Kalande. Kwa sababu hizo, wageni hutakiwa kuvaa barakoa na kukaa mbali na sokwe, na desturi ya kuwapa ndizi ilikomeshwa kabisa mwaka 2000.

Sababu ya tatu ni ugomvi wa mipaka baina ya sokwe wenyewe. Kati ya mwaka 1974 na 1978, madume wa Kasekela waliwaua mmoja baada ya mwingine madume wa kundi la Kahama lililokuwa limejitenga kuelekea kusini. Mapigano ya aina hiyo yameonekana hata katika misitu mikubwa, hivyo hayawezi kuelezwa kwa udogo wa eneo peke yake. Hata hivyo, katika eneo lililozingirwa, kundi linaloshindwa halina pa kukimbilia.

Sababu zote tatu zinaelekeza kwenye jibu moja. Sokwe wa Gombe wanahitaji ardhi kubwa kuliko ile waliyopewa na sheria, na ardhi hiyo haipo mikononi mwa hifadhi.

6.0 Ardhi Iliyo Nje ya Mpaka

Ulinganisho wa picha za satelaiti za mwaka 1972 na 1999 ulionyesha kwamba msitu na miombo iliyokuwa ikiendelea nje ya Gombe ilikuwa imetoweka kwa sehemu kubwa. Goodall mwenyewe, aliporuka kwa ndege juu ya eneo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990, alishangazwa na vilima vitupu vilivyoizunguka hifadhi.

Ni rahisi kuwalaumu wakulima kwa hali hiyo, lakini lawama hiyo haielezi mengi. Idadi ya watu iliongezeka, wakiwamo waliokimbia vita vya Burundi na Kongo, hasa baada ya mwaka 1993 na 1996. Ardhi tambarare ya mwambao ni finyu, hivyo aliyehitaji shamba jipya alilazimika kupanda mlimani. Mji nao una sehemu yake. Ujiji ulikuwa soko kubwa la misafara katika karne ya 19, na reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, miji hii miwili ilizidi kuwa mahali ambapo mazao ya ziwa na ya milima hukutana. Mkaa unaopikia, kuni zinazochemsha mawese na mbao zinazounda mitumbwi hutoka kwenye milima. Anayepika chai Ujiji kwa mkaa anashiriki katika historia ya vilima hivyo sawa na aliyeshika shoka.

Waathirika wa kwanza wa upotevu wa misitu walikuwa wanavijiji wenyewe. Kwenye miteremko mikali, udongo usioshikwa na mizizi huteremshwa na mvua. Shamba hupoteza rutuba baada ya misimu michache, chemchemi hupungua, na tope huingia ziwani. Mwambao wa mawe wa Ziwa Tanganyika ni makazi na mazalia ya spishi nyingi za samaki zisizopatikana kwingine popote duniani, na tope linalofunika mawe hayo huharibu mazalia yao. Kwa hiyo msitu, shamba na ziwa ni mfumo mmoja wa maisha, hata kama kila kimoja kinasimamiwa na mamlaka tofauti.

7.0 Kutoka Kwenye Uzio Hadi Kwenye Mpango wa Kijiji

Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mpango unaojulikana kwa jina la TACARE. Awali ulijikita katika vitalu vya miti na elimu ya mazingira. Mazungumzo na wanavijiji yalionyesha kwamba mahitaji yao ya kwanza hayakuwa miti, bali chakula, maji safi, afya na shule. Mpango ulibadilishwa ili kuyajumuisha hayo: mikopo midogo, hasa kwa wanawake, uzazi wa mpango, ufadhili wa masomo ya wasichana, majiko yanayotumia kuni kidogo na kilimo cha kuzuia mmomonyoko. Katika nyanda za juu, kama vile Kalinzi, zao la kahawa lilitiliwa mkazo, kwa kuwa ni zao la kudumu linalostawi pamoja na miti ya kivuli.

Msingi wa kisheria ulikuwa umeimarika katika kipindi hicho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliipa Halmashauri ya Kijiji mamlaka ya kuisimamia ardhi ya kijiji, na maamuzi makuu yakawa lazima yaidhinishwe na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 iliviruhusu vijiji kutenga misitu yao ya hifadhi na kuitungia sheria ndogo. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 iliweka utaratibu wa kupanga. Kwa kuzitumia sheria hizo, vijiji vilivyo jirani na Gombe viliandaa mipango ya matumizi bora ya ardhi iliyoonyesha mahali pa kujenga, pa kulima, pa kuchunga na pa kuachia msitu. Misitu hiyo ya vijiji ilipangwa, kadiri ilivyowezekana, ipakane moja na mwingine ili itengeneze ushoroba unaoiunganisha Gombe na misitu iliyo mbali zaidi.

Mbinu iliyotumika kuirejesha misitu hiyo haikuwa kupanda miche peke yake. Miti mingi ya miombo ikikatwa hubakiza mizizi hai, na kisiki kikiachwa bila kuchomwa moto wala kukatwa tena, huchipua. Kilichohitajika zaidi, basi, ni makubaliano ya kuacha. Walinzi wa misitu waliochaguliwa na vijiji walipewa simu za kisasa za kurekodi visiki vilivyokatwa, moto, mitego na alama za wanyama. Katika kijiji cha Kigalye, picha za satelaiti za miaka tofauti zimeonyesha miti ikirudi kwenye miteremko iliyokuwa mitupu, na taarifa za walinzi zimeonyesha kuwapo kwa sokwe katika misitu ya vijiji. Mwaka 2018 UNESCO iliitambua Gombe Masito Ugalla kuwa hifadhi hai, hadhi inayojumuisha hifadhi ya taifa, misitu na makazi ya watu katika mpango mmoja.

8.0 Mjadala: Nani Anabeba Gharama

Maelezo yaliyotangulia yanaweza kumfanya msomaji adhani kwamba tatizo limetatuliwa. Hali halisi ni ngumu zaidi, kwa mambo mawili.

Kwanza, kurudi kwa msitu ni kurudi kwa wanyama, na kurudi kwa wanyama si habari njema kwa kila mtu. Nyani na sokwe hula mazao. Mwaka 2002 sokwe dume alimuua mtoto mdogo ndani ya hifadhi. Tukio kama hilo ni nadra, lakini mzazi anayeishi jirani na msitu hawezi kulipima kwa unadra wake. Elimu ya uhifadhi inayoieleza thamani ya sokwe bila kuitaja hofu hiyo huwa inazungumza na mgeni, si na mwenyeji.

Pili, msitu wa kijiji unategemea makubaliano, na makubaliano huhitaji kufanywa upya. Kijana aliyekuwa mtoto mpango wa ardhi ulipopitishwa leo anahitaji shamba lake mwenyewe. Akiambiwa kwamba ardhi ya babu yake imeachwa kwa ajili ya sokwe, atauliza anapata nini. Hifadhi ya taifa haihitaji kulijibu swali hilo ili iendelee kuwapo kisheria. Msitu wa kijiji unalihitaji jibu, kwa kuwa Mkutano Mkuu uliouanzisha ndio wenye uwezo wa kuubadilishia matumizi.

Baadhi ya wahifadhi wanaweza kuuona udhaifu huo kama sababu ya kuipanua hifadhi ya taifa yenyewe. Hoja hiyo ina mantiki kwa upande wa bayolojia, lakini inasahau somo la vilima vitupu. Gombe ilikuwa na mpaka imara tangu mwaka 1943, na katika kipindi hichohicho ndipo ilipogeuka kisiwa. Ulinzi wa ndani haukuzuia upotevu wa nje, kwani hakuna aliyekuwa na sababu ya kuutunza msitu wa nje. Msitu unaomilikiwa na kijiji unampa mwanakijiji sababu hiyo, ilimradi faida zake, yaani maji, asali, udongo unaobaki shambani na ajira, zimfikie kweli.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Gombe ni hifadhi yenye makazi anuwai ya viumbe na sokwe adimu, lakini ni ndogo kuliko mahitaji ya viumbe inaowalinda. Uzazi wa polepole, ufinyu wa mahali pa kuhamia, magonjwa na ugomvi wa makundi vinahitaji ardhi ya ziada ambayo ipo vijijini pekee. Kutokana na hali hiyo, makala yanapendekeza kwamba tathmini za mafanikio ya uhifadhi katika mwambao wa Ziwa Tanganyika zisiishie kwenye idadi ya sokwe waliomo ndani ya mpaka. Zipime pia hali ya misitu ya vijiji, uhai wa mipango ya matumizi ya ardhi inapofika wakati wa kuhuishwa, na kiasi ambacho kaya zinazopakana na misitu hiyo zinanufaika au kupata hasara. Zipime vilevile mahitaji ya nishati ya mji wa Kigoma na Ujiji, kwa kuwa gunia la mkaa linalouzwa sokoni ni sehemu ya historia ya msitu kama ulivyo mpango uliobandikwa kwenye ofisi ya kijiji. Sokwe wa Kalande, walio wachache zaidi, hawana muda mrefu wa kusubiri tathmini hizo zifanyike.